Lakishi, Mji Juu ya Kilima

Watoto wa Kitshanga hawana haja ya kuelezwa kilima ni nini. Wakitazama upande wowote wanaona vilima: hapa malisho ya ng'ombe, pale mashamba ya maharagwe. Vilima hivyo vimekuwako tangu kale, kabla ya mtu kujenga nyumba. Lakini katika nchi ya Biblia viko vilima ambavyo watu wenyewe wameviongeza kimo. Kimoja ni Lakishi.

Lakishi iko kusini-magharibi ya Yeruzalemu, umbali wa kilometa 40 hivi. Hapo milima ya Yuda inashuka polepole kuelekea bahari. Mvua hunyesha wakati wa baridi tu. Kiangazi chote mbingu ni kavu. Hata hivyo mizabibu hustawi katika mabonde yale, na mpaka leo wakulima wa huko wanajulikana kwa zabibu zao. Adui aliyetoka pwani kwenda Yeruzalemu aliweza kupita karibu na hapo. Kwa hiyo wafalme wa Yuda waliufanya mji huo kuwa ngome yenye ukuta mnene na lango kubwa. Walikuwa na kisima chenye kina cha mita 44, ili watu wasife kiu milango ikifungwa.

Je, kilima kiliongezekaje? Huku kwetu nyumba ya udongo ikianguka, mvua huiyeyusha, na mwaka unaofuata mtu hulima maharagwe mahali pale. Lakishi haikuwa hivyo. Nyumba za matofali ya udongo zilipoanguka au kuungua, watu walisawazisha kifusi, wakajenga juu yake. Wajukuu wakafanya vilevile. Hivyo mji ulikaa juu ya mji, kama mikeka iliyopangwa moja juu ya mwingine. Anayechimba leo hukuta kwanza mambo ya karibuni. Akizidi kushuka, hukuta mambo ya kale zaidi.

Mkeka mmoja umejaa majivu. Ni wa mwaka 701 kabla ya Kristo. Kitabu cha pili cha Wafalme kinasimulia kwamba Senakeribu, mfalme wa Waashuru, aliivamia Yuda siku za mfalme Hezekia. Hezekia alimpelekea ujumbe huko Lakishi, akaomba amani, akalipa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Yeruzalemu haikutekwa. Lakini Lakishi ilikuwa imekwisha kupata taabu yake.

Waashuru walirundika maelfu ya tani za mawe ubavuni mwa kilima, wakatengeneza njia ya kupandishia magari yenye magogo ya kubomolea ukuta. Watu wa mjini nao walirundika udongo kwa ndani ili kuimarisha ukuta wao. Haikutosha. Rundo lile la mawe lingaliko, na wachimbaji wameokota hapo mamia ya ncha za mishale za chuma na mawe ya kombeo.

Senakeribu alijivunia ushindi huo. Katika jumba lake huko Ninive, katika nchi inayoitwa leo Iraki, aliamuru vita vya Lakishi vichongwe kwenye mawe ya ukuta. Mawe hayo yamo sasa katika nyumba ya makumbusho mjini London. Mfalme anaonekana ameketi juu ya kiti chake. Lakini tazameni upande mwingine: watu wanatoka mjini. Mwanamume anatembea bila viatu karibu na gari la ng'ombe. Juu ya gari wamekaa wanawake na watoto, wakikalia mizigo yao. Mfalme alitaka kuonyesha ukuu wake. Bila kujua, alitunza kumbukumbu ya jamaa maskini waliofukuzwa kwao. Watu wa Masisi wanaijua safari ya namna hiyo; wengi wameshika njia wakiwa na godoro na sufuria kichwani.

Baadaye mji ulijengwa tena, na miaka 100 na zaidi ikapita. Ndipo Nabukodonosori, mfalme wa Babiloni, akaja. Nabii Yeremia anasema kwamba siku zile katika Yuda ilibaki miji miwili tu yenye ngome, Lakishi na Azeka, mbali na Yeruzalemu. Mwaka 1935, chini ya majivu ya lango la Lakishi, wachimbaji waliona vigae vya vyungu vilivyoandikwa kwa wino. Zilikuwa barua za askari. Katika barua moja mwandishi anamwambia mkubwa wake kwamba wanaangalia ishara za moto za Lakishi, kwa maana za Azeka hawazioni. Wataalamu wengi wanafikiri Azeka ilikuwa karibu kutekwa au imekwisha kutekwa. Punde Lakishi nayo ikaungua.

Je, habari iliishia katika majivu? Sivyo. Kitabu cha Nehemia, kinapotaja mahali walipokaa watu wa Yuda baada ya kurudi kutoka uhamishoni, kinataja Lakishi pamoja na mashamba yake. Jeshi la Senakeribu limetoweka, na Ninive pia ni magofu. Waliorudi Lakishi walikuwa wakulima. Walishika tena jembe, wakapanda.

Leo hakuna anayekaa juu ya kilima kile. Lakini chini yake, mabondeni, mizabibu ingali ikizaa.

Maulizo
1. Kwa nini wafalme wa Yuda walijenga ngome huko Lakishi?
2. Kilima cha Lakishi kiliongezekaje kimo?
3. Mawe ya Ninive yanatuonyesha nini juu ya watu wadogo wakati wa vita?