Jina Limo, Lakini Je, Litaitwa?

Ndugu Wanachama,

Baada ya mkutano wetu uliopita mwenzetu mmoja alinivuta pembeni. Nduguye aliyehamia Marekani siku nyingi sasa husafishwa damu kwa mashine mara tatu kila wiki, naye ameleta khabari kuwa jina lake limo katika orodha ya wanaongoja kupandikizwa figo. Mwenzetu akauliza, kwani amebakiwa na lipi ila kungoja? Kwa kuwa wenye jamaa huko ni wengi, najibu hapa.

Mashine haiponyi figo. Hufanya sehemu tu ya kazi yake, kiasi cha saa nne kila mara, na mgonjwa hurudi nyumbani hoi. Figo ya kupandikizwa, kwa anayefaa kuipokea, aghalabu humpa umri mrefu zaidi. Lakini ni chache: mwaka 2024 Marekani zilipandikizwa zaidi ya 27,000, na wanaongoja ni kama 90,000.

Sasa, kuandikwa katika orodha si sawa na kuwa tayari kuitwa. Jina laweza kuwamo nalo limewekwa kando: pengine kipimo cha moyo kimepitwa na wakati, pengine bima imebadilika, au mgonjwa alilazwa. Siku zake zaendelea kuhesabiwa, lakini hata ikipatikana figo inayomfaa hapewi. Naye yuko nyumbani akidhani simu italia.

Hapo ndipo intaneti inapofaa. Hospitali nyingi za huko humfungulia mgonjwa ukurasa wake, akaingia kwa neno la siri na kusoma majibu ya vipimo na maandishi ya daktari. Tangu Aprili 2021 kanuni za serikali zakataza kumzuilia khabari hizo pasipo sababu. Sisi twajua raha ya kuusoma mzani kwa macho yetu wenyewe, si kuambiwa tu gunia lina kilo ngapi.

Ila kurasa hizo si moja. Kituo cha mashine kina yake na hospitali ya kupandikiza ina yake, na kipimo kilichofanywa huku hutukia hakijulikani kule. Tena si kila ukurasa unaoonyesha kama jina li tayari. Basi mgonjwa hana budi kuuliza wazi: "Leo jina langu li tayari kuitwa? Kama sivyo, kimepungua nini?" Na jawabu alitake kwa maandishi.

Mtu mweusi ana la zaidi. Zamani hesabu ya nguvu za figo ilimwongezea yeye, figo zikaonekana nzima kuliko zilivyo, akachelewa kuandikwa. Hesabu hiyo ilikatazwa katika orodha mwaka 2022, na Januari 2023 hospitali ziliagizwa kuwarudishia wagonjwa hao siku walizopotezewa. Ushahidi ni majibu ya damu ya miaka ya nyuma, na mengine yamo katika kurasa hizo hizo.

Wazee na wasiojua Kiingereza vizuri ndio wasiozifungua, na hilo lanisikitisha, maana ndio wanaozihitaji. Hospitali nyingi huruhusu mgonjwa kumtaja mtoto au mke, akapewa neno lake la siri kwa haki.

Mwenzetu amekwisha mpigia nduguye simu. Ameahidi kuuliza siku ya mashine.

Katibu