Mkutubi wa mpakani ajifunza mtandao, askari naye asibaki nyuma

Kila aliyepata kulinda mpaka wa Uganda na Kenya aijua kazi ya ukaguzi. Pale Busia, na pale Malaba katika wilaya ya Tororo, lori halipiti bila hati zake kutazamwa, wala msafiri hapiti bila kuulizwa atokako na aendako. Tangu Februari 2018, marais wa nchi hizi mbili walipokizindua Kituo cha Pamoja cha Mpakani cha Busia, maofisa wa pande zote mbili huifanya kazi hiyo chini ya paa moja.

Lakini iko mizigo mingine ivukayo mpaka usiku na mchana, nayo haina lori wala hati. Ni habari, sheria, matangazo ya kazi, mafunzo na uvumi, vyote vikipita katika simu ya kila mtu. Ni nani aikaguaye mizigo hiyo? Katika makala haya twataka kumweleza msomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, habari za mtumishi wa umma ambaye aghalabu hasifiwi, naye ni mfanyakazi wa maktaba. Twataka kuonyesha jinsi ajifunzavyo vyombo vipya vya mtandao, na kwa nini kujifunza kwake kwamhusu askari aliye zamuni Busia sawasawa na yule aliye katika kambi ya Rubongi, Tororo.

KAZI YA TANGU ZAMANI

Maktaba si jambo geni katika nchi zetu. Mwaka 1948 lilianzishwa shirika la vitabu la Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi. Shirika hilo lilipeleka vitabu mashambani kwa masanduku na kuwaazima wasomaji kwa njia ya posta. Baada ya uhuru, Uganda ilitunga sheria ya maktaba za umma mwaka 1964, na Kenya ikafuata mwaka 1965. Baadaye kazi hiyo ilisogezwa karibu na wananchi. Nchini Uganda maktaba za umma zilikabidhiwa wilaya na miji kwa sheria ya mwaka 1997, na Maktaba ya Taifa ikaundwa mwaka 2003. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliweka maktaba za wananchi mikononi mwa kaunti.

Katika miaka hiyo yote chombo kikuu cha mkutubi kilikuwa kadi. Kila kitabu kilikuwa na kadi zake, moja kwa jina la mwandishi, nyingine kwa jina la kitabu, nyingine kwa mambo yaliyomo. Kadi zilipangwa katika visanduku vyembamba, na mkutubi hodari aliweza kukionyesha kitabu kilipo kabla msomaji hajamaliza kuuliza. Wengi walidhani kazi yake ni kupanga vitabu na kuwanyamazisha watoto. Kwa hakika kazi yake ilikuwa kujua ni kitabu gani cha kuaminiwa, kilichapishwa mwaka gani, na kama kuna kipya kilichokisahihisha.

Maarifa hayo ndiyo akiba aliyoingia nayo katika zama za mtandao.

MTANDAO WAFIKA

Zamani habari za kompyuta zilitufikia kwa njia ya satelaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kinyonga. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa. Kutoka pwani mawasiliano yalisafirishwa kwa nyaya za nchi kavu hadi Uganda, yakipita katika miji hii hii ya mpakani ambako reli na barabara zilikwisha kupita. Njia kuu ya mawasiliano ya serikali ya Uganda nayo imefika Busia, Malaba na Tororo.

Basi mkutubi aliyezoea kadi akakuta mbele yake vyombo vitatu vipya.

Cha kwanza ni daftari la vitabu la kompyuta. Mojawapo ya programu zinazotumika sana duniani kwa kazi hiyo ni Koha, iliyotengenezwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za wilaya moja ya mashambani. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, na kweli hutolewa bila malipo. Kwa programu kama hiyo mkutubi huandika kitabu mara moja tu, na msomaji aweza kukitafuta kwa neno lolote alikumbukalo.

Cha pili ni hazina ya vitabu visivyo na karatasi. Mwaka 2014 shirika la Saide la Afrika Kusini lilifungua tovuti ya African Storybook, yenye hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, zikiwemo Kiswahili na Kiteso. Kila mtu ana ruhusa ya kuzisoma, kuzichapa na kuzitafsiri katika lugha yake. Msomaji wa Busia na Tororo atauona mara moja uzito wa jambo hilo. Wateso wako pande zote mbili za mpaka, na Wasamia vivyo hivyo. Vitabu vya lugha zao madukani ni haba, lakini mkutubi mwenye kompyuta na mashine ya kuchapia aweza kuwapatia watoto wa kambini na wa mjini hadithi za lugha ya mama zao.

Cha tatu, ambacho tutakirudia, ni tovuti za sheria. Uganda inayo ULII, na Kenya inayo Kenya Law. Katika tovuti hizo sheria na hukumu za mahakama husomwa bure.

NAMNA AJIFUNZAVYO

Vyombo hivyo havikuja pamoja na ujuzi. Watumishi wengi wa maktaba walijifunza kazi yao kabla ya kompyuta kufika, na mtu mzima huona haya kushika kitu ambacho kijana wa shule akijua kuliko yeye. Ongezeni hapo umeme unaokatika, kompyuta chache, na gharama ya intaneti, ambayo tangu Julai 2021 hutozwa nchini Uganda kodi ya asilimia 12.

Hata hivyo kazi imefanyika. Maktaba ya Taifa ya Uganda, kwa kushirikiana na Maendeleo Foundation na shirika la kimataifa la maktaba liitwalo EIFL, imewafundisha wakutubi wa maktaba za umma na za vijiji matumizi ya kompyuta. Maendeleo Foundation ndiyo iliyojulikana kwa gari lake lenye mitambo ya umeme wa jua na kompyuta za mkononi, lililokwenda kufundisha mahali pasipofika waya wa umeme.

Liko pia jambo la kuigwa kutoka kwa shirika la Peer 2 Peer University, ambalo lilianza na maktaba za mji wa Chicago, Marekani, kisha likashirikiana na maktaba za Kenya na Uganda. Utaratibu wake ni huu. Watu wachache hukutana maktabani mara moja kwa juma, kwa saa moja na nusu au mbili, kwa muda wa majuma sita hadi manane. Hufuata pamoja somo moja linalotolewa bure katika mtandao. Hapana mwalimu bingwa. Mkutubi ndiye kiongozi wa kikundi, naye aweza kuwa hajalijua somo lenyewe. Kazi yake ni kuwaweka watu pamoja, kuuliza kila mmoja amekwama wapi, na kuhakikisha aliyetangulia amvuta aliye nyuma.

Askari ataufahamu utaratibu huo bila maelezo mengi, kwani ndivyo seksheni ifanyavyo katika mafunzo. Hapana aachwaye njiani.

Somo la kwanza ni kushika kompyuta na kuandika. La pili ni kutuma na kupokea barua za mtandao. La tatu ni kutafuta. La nne, lililo gumu kuliko yote, ni kupima kile kilichopatikana. Nani amekiandika? Lini? Je, tovuti hii ni ya serikali kweli, ama ni ya mlaghai aliyeiga jina lake? Kuna mahali pengine panapothibitisha? Mkutubi wa kadi alikuwa akiuliza maswali hayo hayo juu ya vitabu, na ndiyo maana, akishapita woga wa mashine, huendelea upesi.

SHERIA ILIYOKUFA

Sasa tuseme yanayomhusu askari wa polisi hasa.

Kwa miaka mingi askari wa Uganda aliweza kumkamata mtu kwa uzururaji. Mnamo Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilibatilisha aya mbili za kifungu cha 168 cha Kanuni ya Adhabu, zilizohusu mtu atuhumiwaye kwa kuwa hana njia ya riziki inayoonekana au anatangatanga. Mwezi uliofuata, tarehe 10 Januari 2023, mahakama hiyo ilibatilisha pia kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi. Kisha tarehe 1 Julai 2024 likaanza kutumika toleo jipya la Sheria za Uganda. Kanuni ya Adhabu, iliyokuwa Sura ya 120, ikawa Sura ya 128, na nambari za vifungu vingi zikabadilika.

Vukeni mpaka. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kubatilisha mwezi wa Aprili 2016 kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, kilichofanana na kile cha Uganda. Lakini mwaka 2018 Bunge la Kenya likatunga sheria nyingine ya makosa ya kompyuta, yenye makosa yake mapya. Aliyeisoma hukumu ya 2016 akakoma hapo alipata nusu tu ya habari.

Fikirini basi askari wa kituo cha mpakani mwenye kitabu cha sheria kilichochakaa, alichokirithi kwa afande aliyemtangulia. Hakikusudia uovu kitabu hicho, wala askari mwenyewe hakukusudia. Lakini aweza kumlaza mahabusu mtu ambaye sheria haimdai kitu, na aweza kuandika hati ya mashtaka kwa nambari isiyokuwapo tena. Mtu atalala ndani bila haki, au mhalifu wa kweli atapata mlango wa kutokea. Dakika kumi za mkutubi ajuaye kutafuta, na ajuaye kutazama tarehe, zaweza kuzuia yote mawili.

NENO LA SIRI NA SIRI ZA KAZI

Jambo jingine ni madalali. Siku hizi hati ya kusafiria huombwa kwa mtandao, nambari ya kodi kadhalika, na nchini Kenya huduma nyingi za serikali hupatikana kwa eCitizen, iliyoanza mwaka 2014. Asiyejua kutumia vyombo hivi humpa kijana wa dukani kitambulisho chake, nambari yake ya simu na neno lake la siri, kisha humlipa juu yake. Amefungua nyumba, akamkabidhi mgeni ufunguo. Nchi zote mbili zilitunga sheria za kulinda habari za mtu mwaka 2019, lakini sheria haiwezi kumlinda anayetoa siri zake kwa hiari. Mkutubi aliyefunzwa vema hamjazii mtu fomu akashika neno lake la siri. Humkalisha mwenyewe mbele ya kompyuta, akamwonyesha.

Kwa askari hatari ni kubwa zaidi. Mnamo Januari 2018 iligundulika kwamba ramani iliyotolewa na kampuni ya Strava, ambayo programu yake hupima mwendo wa wakimbiaji, ilionyesha njia za mazoezi za wanajeshi katika kambi za nchi mbalimbali. Hakuna jasusi aliyeingia kambini. Wanajeshi wenyewe walikimbia na vyombo vyao mkononi, na mashine ikachora. Kuzima kitambua mahali katika simu ni somo la dakika mbili, nalo laweza kufundishwa maktabani kwa askari, kwa mkewe na kwa watoto wake.

YATUPASA NINI?

Twaona mambo matatu yanawezekana pasipo kungoja fedha nyingi. Kwanza, askari walio karibu na maktaba wajiandikishe, wao na jamaa zao. Pili, wakuu wa kambi na wa vituo waweza kuomba mkutubi aanzishe kikundi cha kujifunza, watu wachache kwa juma, katika saa zisizo za zamu. Tatu, kila kituo kiwe na askari mmoja au wawili wanaojua kutafuta sheria iliyo hai, nao wawafunze wengine.

Kisha liko deni la heshima. Maktaba ni mahali mwananchi anapouliza asichokijua bila kuona haya, akiamini kwamba asomacho ni siri yake. Askari asiyageuze madaftari ya mkutubi kuwa njia ya mkato ya upelelezi. Akihitaji habari kwa kesi, afuate amri ya mahakama kama sheria itakavyo. Maktaba ikiogopwa itabaki tupu, na uvumi utakuwa hakimu peke yake mpakani.

Wahenga walisema elimu haina mwisho. Mkutubi wa mpakani, aliyekuwa bingwa wa kadi, amekubali kuwa mwanafunzi tena. Askari aliyekubali kuamka alfajiri kujifunza bunduki hashindwi kuketi saa moja jioni kujifunza kutafuta na kupima ukweli.