Shahada Ikipanda, Mgonjwa Anapata Nini?

Mtu akipatwa na kiharusi, daktari humwokoa, na mtaalamu wa fiziotherapia humsaidia kusimama na kutembea tena. Lakini kusimama bado si kuishi. Atafungaje vifungo vya shati kwa mkono mmoja? Ataingiaje bafuni penye kizingiti kirefu? Kama alikuwa fundi cherehani, atarudi kwenye mashine yake au ndiyo basi? Maswali haya ndiyo kazi ya mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Ndiyo kazi yake pia kwa mtoto mwenye usonji asiyevumilia kelele za darasani, kwa kijana anayetoka wodi ya magonjwa ya akili akiwa amepoteza kabisa mpangilio wa siku, na kwa mfanyakazi aliyekatwa vidole kiwandani. Kwa kuwa kazi hii inashughulika na mambo ya kila siku kiasi hiki, wengi hushangaa kusikia kwamba Marekani haimruhusu mtu kuianza bila shahada ya juu kuliko ya kwanza, na kwamba mwaka 2017 ACOTE, baraza la ithibati la fani hiyo huko, lilitangaza kuwa kuanzia Julai 2027 mlango pekee wa kuingilia ungekuwa shahada ya uzamivu. Uamuzi huo haukudumu. Naona ilikuwa haki usidumu, na sababu za kuona hivyo zinazihusu pia nchi zetu, ambako ngazi ya mafunzo haya ndiyo kwanza inapandishwa.

Fani yenyewe ilianza chini sana. Mwaka 1915 Eleanor Clarke Slagle aliongoza shule mjini Chicago, ile ya Henry B. Favill, ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza kuwafunza watu kazi hii. Mwaka 1917 kikundi kidogo, yeye akiwamo, kilianzisha chama cha kitaifa katika mji wa Clifton Springs, jimbo la New York, na vita kuu vya kwanza vikaleta kozi fupi za kuwaandaa wanawake waliokwenda kuwahudumia askari majeruhi. Kuanzia miaka ya 1930 shule zikawekewa viwango kwa ushirikiano na chama cha madaktari, baadaye shahada ya kwanza ikawa kawaida, na mwaka 1999 ikaamuliwa kwamba shahada ya kwanza haitoshi. Agizo hilo likaanza kutekelezwa mwaka 2007. Kanada nayo imepanda hadi uzamili. Uingereza haikufuata njia hiyo: huko mtu anaweza kusajiliwa kwa shahada ya kwanza au kwa uzamili wa miaka miwili, na wote wawili hufanya kazi ileile. Shirikisho la dunia la fani hii, WFOT, lililoundwa mwaka 1952, lina viwango vya chini vya mafunzo ambavyo havimlazimishi mtu kuwa na shahada ya ngazi fulani. Linachodai bila kulegeza ni saa 1,000 za mafunzo nje ya darasa, zile ambazo wanafunzi wa huku huziita fildi, chini ya msimamizi mwenye taaluma. Nalichukulia dai hilo kuwa dokezo muhimu kuliko mjadala wote wa majina ya shahada.

Kuelewa kwa nini, tuangalie kinachofundishwa. Sehemu ya kwanza ni sayansi ya mwili na akili: anatomia, mfumo wa neva, jinsi viungo vinavyojongea, saikolojia ya ukuaji, magonjwa ya akili, na takwimu za kutosha kusoma utafiti bila kudanganywa. Sehemu ya pili ni kuchambua shughuli. Kupika chai kunaonekana jambo dogo, ila mwanafunzi hufundishwa kuona ndani yake mfululizo mrefu: kukumbuka kwamba maji yako jikoni, kunyanyua sufuria kwa nguvu inayofaa, kukadiria umbali wa moto, kungoja bila kusahau, kumimina bila kutetemeka, kisha kuzima jiko. Mgonjwa anaposhindwa kupika chai, mtaalamu lazima ajue ameshindwa wapi, kwa kuwa tiba ya mkono dhaifu si tiba ya kumbukumbu iliyovurugika wala ya jicho lisiloona upande wa kushoto. Hapo ndipo huja ujuzi wa kutengeneza gango la plastiki inayolainika kwa maji ya moto, kubadili mpini wa kijiko, kushusha rafu, kugawa kazi katika hatua ndogo. Mambo haya yanafundishika darasani na maabara, na mwalimu mzuri anaweza kuyakamilisha katika muda unaojulikana.

Sehemu ya tatu ndiyo ngumu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Cheryl Mattingly na mtaalamu Maureen Fleming waliwafuata wataalamu wa tiba kwa vitendo katika hospitali moja mjini Boston ili kuona wanavyofikiri wakiwa kazini, na matokeo wakayachapisha katika kitabu mwaka 1994. Waligundua kwamba mtaalamu mzoefu hubeba fikra za namna kadhaa kwa wakati mmoja. Huku anafikiria ugonjwa na utaratibu wa tiba. Huku anamsoma mtu aliye mbele yake, hofu yake, kiburi chake, anachokubali na anachokataa. Na huku anajenga picha ya maisha ambayo mtu huyu anaweza kuyaishi miaka ijayo, kisha anachagua zoezi la leo kwa kuitazama picha hiyo. Wanafunzi na wataalamu wapya hushika ile fikra ya kwanza mapema. Nyingine huja polepole, na huja wakiwa na wagonjwa, mtu mwenye uzoefu akiwa karibu kuwauliza kwa nini walifanya walichofanya. Mzee akikataa kujifunza kuvaa kwa mkono mmoja kwa sababu mke wake amemvalisha miaka yote na wote wawili wanaridhika hivyo, hakuna mhadhara utakaomwambia mwanafunzi aendelee kumsukuma au abadili lengo. Anahitaji kuwa pale, akosee kidogo, na asahihishwe siku hiyohiyo.

Wapo watakaosema kwamba kama ujuzi wenyewe unapatikana wodini, basi chuo kikuu hakihitajiki kabisa, na mtu mwenye huruma na ubunifu angetosha. Ushahidi unakataa. Mwaka 1997 jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti ulioongozwa na Florence Clark wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Wazee 361 wa asili mbalimbali mjini Los Angeles, wote wakiishi kwa kujitegemea, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilipata tiba kwa vitendo kwa miezi 9. La pili lilipata shughuli za kijamii kama michezo, filamu na matembezi, bila mtaalamu. La tatu halikupata chochote. Kundi la kwanza lilionyesha nafuu katika afya, utendaji na kuridhika na maisha. Kundi la pili, ambalo watu wake walikuwa na shughuli nyingi tu, halikutofautiana na lile la tatu. Kumpa mtu cha kufanya, kwa hiyo, hakumponyi. Kinachofaa ni kuchagua shughuli inayomhusu, kwa sababu inayoeleweka, na kuipima, na kazi hiyo inahitaji elimu nzito. Sina ubishi na wanaotaka elimu nzito. Ningekumbusha tu kwamba utafiti huo ulifanyika wakati shahada ya kwanza bado ilitosha kuingia katika fani.

Sasa tulinganishe ngazi mbili zinazobishaniwa. Nchini Marekani, mwanafunzi wa uzamili na mwanafunzi wa uzamivu wa kuingilia kazini wote hufanya angalau wiki 24 za fildi ya muda wote, ambazo kwa saa 40 kwa wiki ni saa 960. Wote hufanya mtihani uleule wa taifa wa NBCOT, hupewa leseni ileile, na sheria huwaruhusu kufanya mambo yaleyale. Mwenye uzamivu huongeza mafunzo ya wiki 14 na mradi wa mwisho katika eneo alilochagua, ambalo linaweza kuwa ujuzi wa kina wa kitabibu, lakini pia linaweza kuwa utafiti, uongozi, sera au kuanzisha huduma mpya. Ni mambo mazuri. Tatizo ni kwamba anayafanya kabla hajawahi kufanya kazi hata siku moja akiwa mtaalamu kamili. Ni vigumu kubuni huduma mpya kwa wagonjwa wa uti wa mgongo kabla ya kuwahudumia wa kutosha kujua huduma ya zamani ina kasoro gani.

Hata ACOTE yenyewe iliwahi kuliona hili. Mwaka 2015 iliamua kuziacha ngazi zote mbili, na miongoni mwa sababu ilizotoa ni kwamba matokeo yanayowatofautisha wahitimu wa uzamili na wa uzamivu yalikuwa haba, kwamba vyuo vingi havikuwa na wahadhiri wa kutosha, na kwamba nafasi za fildi zenye ubora zilikuwa finyu. Miaka miwili baadaye ikatangaza lile agizo la 2027. Wanachama wengi walipinga, mwaka 2018 agizo likasimamishwa, na mwaka 2019 baraza la wawakilishi la chama cha kitaifa, AOTA, likapiga kura kwamba milango yote miwili ibaki wazi. Zile sababu za 2015 hazikuwa zimejibiwa. Fani inayojisifu kwa kufuata ushahidi haikupaswa kujitungia sheria ya elimu kabla ya kuuonyesha ushahidi huo.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni ya hadhi. Wafamasia wa Marekani walihamia uzamivu mapema miaka ya 2000, na kufikia 2016 programu zote za fiziotherapia zilitakiwa kuwa za ngazi hiyo. Katika kikao cha timu ya utengamao, inasemwa, asiye na cheo hicho hasikilizwi, na asiposikilizwa mgonjwa ndiye anayeumia. Siidharau hoja hii, maana ni kweli kwamba hospitali zina ngazi zake na kwamba fani hii, ambayo wengi wa watu wake ni wanawake, imedharauliwa mara nyingi. Hata hivyo hadhi ya cheo huisha pale ambapo kila mtu mezani ana cheo hicho. Kinachomfanya mtu asikilizwe kwa kudumu ni kuonyesha kwamba mgonjwa wake hakurudi hospitalini. Utafiti wa Marekani uliochapishwa katika muongo uliopita, uliotazama wagonjwa wa moyo na wa nimonia, ulikuta kwamba hospitali zilizotumia fedha zaidi kwenye tiba kwa vitendo zilikuwa na wagonjwa wachache wanaorudi wodini ndani ya muda mfupi. Hiyo ni hoja ambayo hata mhasibu wa hospitali anaielewa.

Hoja nyingine husema kwamba maarifa yameongezeka mno kiasi kwamba hayaenei katika miaka miwili. Yameongezeka kweli, lakini yanaendelea kuongezeka baada ya mahafali pia, na mtaalamu atafanya kazi miaka 30 au zaidi. Ni busara kuyagawa: msingi mwanzoni, ubingwa baada ya miaka kadhaa ya kazi, mtu akishajua anataka kushughulika na mikono, watoto wachanga au afya ya akili. Kuhusu wahadhiri na watafiti, fani inawahitaji kweli, ila uzamivu wa kuingilia kazini haukusudiwi kumfanya mtu mtafiti; hiyo ni kazi ya uzamivu wa utafiti, na kuchanganya viwili hivi kunazidhoofisha pande zote.

Gharama ndiyo inayoniuma zaidi. Kuongeza mwaka mmoja au zaidi wa masomo maana yake ni ada zaidi na mwaka bila mshahara, kwa kazi ambayo mshahara wake wa kati huko ulikuwa karibu dola 96,000 mwaka 2023 bila kujali ni shahada ipi iliyokuingiza. Anayeacha njiani kwa sababu hiyo ni mtoto wa mhamiaji, mtoto wa mfanyakazi wa usafi, yule ambaye angeweza kuzungumza na mgonjwa kwa lugha ya nyumbani kwake. Katika fani inayotaka kuusoma undani wa maisha ya watu, hasara hiyo inaingia moja kwa moja kwenye ubora wa tiba.

Athari zinafika hadi kwetu. Nairobi, kwenye Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, na Moshi, kwenye KCMC, vizazi vya wataalamu vimefunzwa kwa diploma ya miaka mitatu, na Chuo Kikuu cha Rwanda kinatoa shahada ya kwanza. Mhitimu wa diploma anayehamia Marekani hukuta mlango wa mtihani wa taifa umefungwa, maana anayetoka nje lazima elimu yake ilingane na ya uzamili, hata kama amewahudumia wagonjwa kwa miaka mingi. Kila ngazi inayoongezwa huko huwa kipimo ambacho vyuo vya huku hushawishika kukifuata. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo ingefaidika na utengamao, na kwamba nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati zina wataalamu wasiofika 10 kwa kila watu milioni moja. Katika hali hiyo, kuongeza shahada ya kwanza juu ya diploma ni haki ya wataalamu wetu, na njia za kuwaendeleza walio kazini zinahitajika haraka. Kufunga diploma ili tufanane na Marekani kungewaacha wagonjwa wa wilayani bila mtu.

Kama kuna muda wa kuongeza, uongezwe kwenye fildi, na hapo kikwazo ni wasimamizi. Nchini Marekani sheria ya ithibati humtaka msimamizi awe amefanya kazi angalau mwaka mmoja, na kwa kawaida halipwi cha ziada wala hapunguziwi wagonjwa anapokaa na mwanafunzi kwa wiki 12. Wilayani kwetu msimamizi huyo mara nyingi ndiye mtaalamu pekee hospitalini. Chuo kinachoomba kupandisha shahada kingetakiwa kwanza kulionyesha baraza la ithibati orodha ya wasimamizi wake: ni wangapi, wako wapi, kila mmoja amepunguziwa wagonjwa wangapi ili apate muda wa kufundisha, na nani anamlipa kwa muda huo.