Kabla hujatoa laki sita kununua kompyuta ya kubeba

Jumamosi iliyopita asubuhi, hata chai sijainywa, dada yangu aligonga mlango akiwa na mwanawe ambaye mwezi huu anaanza chuo. Mkononi alikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na shilingi laki sita. Zilikuwa fedha za upatu, zamu yake imemfikia baada ya miezi kumi ya kuamka saa tisa usiku kukanda unga wa maandazi. Akaniambia, "Kaka, mpeleke mpwa wako Kariakoo mkanunue kompyuta. Lakini nakuomba, isiwe kama ile ya mwanao."

Maneno yale yalinichoma, maana ni ya kweli. Miaka minne iliyopita nilimnunulia binti yangu kompyuta mpya kabisa, nyembamba, rangi ya fedha, ikiwa bado ndani ya boksi na nailoni yake. Muuzaji alinihakikishia kwamba kipya ni kipya, na mimi nikaona fahari kutoka dukani na boksi. Hakuniambia, wala mimi sikuuliza, kwamba hifadhi yake ilikuwa gigabaiti 32 tu, na kwamba Windows peke yake ilikwisha kukalia zaidi ya nusu. Baada ya miezi michache mashine ikaanza kudai nafasi ya kujisahihisha. Binti akafuta picha zake. Ikadai tena, akafuta na masomo yake. Ikadai tena. Tulipoipeleka kwa fundi aliifungua, akaitazama, akaifunga. "Mzee, hii haiongezwi kitu," akasema, "kila kilichomo kimechomelewa kwenye bodi." Hadi leo iko juu ya kabati.

Basi leo nimeona nizungumze na wewe juu ya kompyuta hizi za kubeba, kwa kuwa najua si dada yangu peke yake mwenye bahasha ya namna hiyo.

Wataalamu wetu wa Kiswahili wameipa mashine hii jina la kompyuta mpakato, kwa sababu hupakatwa kama mtoto. Ni jina zuri. Ya kwanza kuuzwa kwa wingi, Osborne 1 ya Marekani mwaka 1981, isingepakatika hata kidogo: ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, kioo cha inchi 5, na haikuwa na betri ndani yake. Ilibebeka kama cherehani inavyobebeka. Na sisi huku, kwa wasiokumbuka, mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo marufuku hiyo haipo na maduka yamejaa, ila kujaa kwenyewe kumekuwa tatizo jingine, kwani mnunuzi hajui ashike lipi aache lipi.

Njiani mpwa wangu alinidokeza matakwa yake. "Mjomba, kwa nini tusichukue kishikwambi? Ni chepesi, tena kinaingia laini ya simu." Sikumlaumu. Vishikwambi tumeviona vikifanya kazi: katika Sensa ya mwaka 2022 makarani walivitumia kuhesabu watu nchi nzima, na baadaye vikagawiwa walimu. Kwa kujaza fomu, kusoma kitabu na kutazama somo, kifaa hicho kinatosha. Lakini kazi ya mwanafunzi ni kuandika kurasa ishirini, kupanga majedwali, na kufungua maandishi matatu kwa pamoja huku akilinganisha. Nikamuuliza kama amewahi kuandika insha ya kurasa kumi kwa vidole gumba. Akacheka, akasema barua moja tu ya maombi ya kazi ilimchukua jioni nzima. Ukikinunulia kishikwambi vibonye vya pembeni na kitu cha kukisimamisha, umekwisha kukaribia bei ya kompyuta na bado huna kompyuta.

Aina ya pili tuliyokutana nayo ni Chromebook, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2011. Ni nafuu, inawaka upesi, na virusi haviisumbui sana. Hata hivyo imetengenezwa kwa mtu aliye na intaneti muda mwingi, na programu za Windows, kama zile za uhasibu au za uchoraji wa majengo, haziingii humo. Nyingi zinazofika huku zilikwisha kutumika katika shule za Marekani, na hapo pana mitego miwili. Mosi, kila Chromebook ina tarehe ambayo Google huacha kuisahihisha. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kurefusha muda huo hadi miaka kumi, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu mtindo huo wa mashine ulipotoka, si tangu siku uliyoinunua wewe. Pili, kama shule haikuiachilia rasmi, mashine hukuomba jina na nywila ya shule hiyo, na hata ukiifuta yote hurudi palepale. Umenunua mlango wa nyumba ya watu.

Kuhusu MacBook sitasema mengi. Zile zenye prosesa ya M1, zilizotoka mwishoni mwa mwaka 2020, zinakaa na chaji mchana kutwa, na baadhi yake hazina hata feni ya kupiga kelele. Ni mashine nzuri mno. Lakini RAM haiongezwi kamwe, na ingelazimu dada yangu acheze upatu miaka kadhaa.

Zikabaki aina mbili, na hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza: ile mpya ya bei rahisi, na ile iliyotumika ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya maofisi. Macho hupenda ya kwanza. Mimi niliyeumwa na nyoka nasema tazama ya pili.

Sababu ni hii. Kampuni kubwa za Ulaya na Marekani hununua kompyuta imara kwa ajili ya wafanyakazi wao, za jamii ya ThinkPad, Latitude na EliteBook, na baada ya miaka michache huziuza zote kwa mkupuo. Mashine hizi zilitengenezwa zikijulikana kwamba fundi atazifungua. Katika nyingi ya hizo RAM hutoka na kuingia, hifadhi hubadilishwa, betri hubadilishwa, na vipuri vyake vipo Kariakoo. Ile mpya ya bei rahisi imepunguziwa gharama palepale usipopaona. Fikiria fundi cherehani: RAM ni meza anayokatia kitambaa, hifadhi ni kabati la kuwekea. Meza ikiwa ndogo, hata awe fundi hodari namna gani, kazi itaanguka chini. Kwa kazi za kila siku usikubali RAM chini ya gigabaiti 8, wala hifadhi chini ya 256, na hifadhi hiyo iwe ya SSD, si diski ya zamani inayozunguka. Diski inayozunguka huipunguza mwendo hata mashine nzuri, na haipendi mitikisiko ya daladala.

Lakini si kila iliyotumika inafaa. Katika duka la kwanza kijana alitukaribisha kwa bashasha. "Mzee, hii ni i7, kubwa kuliko hizo i5 zote." Kibandiko kilikuwapo kweli. Nikamwomba atuonyeshe namba kamili, ikawa i7-4600U. Ndugu msikilizaji, tazama tarakimu inayofuata kile kistari: hiyo 4 maana yake ni kizazi cha nne, prosesa ya mwaka 2013 yenye viini viwili. Iweke kando ya i5-8350U, kizazi cha nane, ya mwaka 2017, yenye viini vinne. Yule mdogo kwa cheo anamshinda mkubwa kwa mbali. Tena liko jambo zito zaidi: Microsoft iliacha kuisahihisha Windows 10 bure kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida hukubali kuanzia kizazi cha nane. Mashine ya zamani haitazimika siku hiyo, la, ila matundu yake ya usalama hayazibwi tena, nawe unaingizia humo nywila za benki. Yupo atakayeweka Linux, ambayo ni bure, na sina ugomvi naye. Lakini mwanafunzi anayepokea kazi za chuo katika Word hana haja ya vita ya pili.

Wala usiamini jina la mtindo peke yake. Mashine mbili zenye jina lilelile zaweza kuwa na prosesa za vizazi viwili tofauti. Iwashwe, namba isomwe kwenye kioo.

Duka la pili tulipata HP EliteBook 840 G5, kioo cha inchi 14, uzito kama kilo moja na nusu. Za inchi 15 hupendeza macho, lakini mpwa wangu atapanda magari mawili kwenda chuo na mawili kurudi. Prosesa ilikuwa i5-8350U, RAM 8, SSD 256. Nikaomba chaja ichomolewe na mashine iachwe iwake muda wote tutakaokuwa pale. Mwenye duka alininunia kidogo. Mpwa wangu akabonyeza kila kibonye kimoja kimoja, akajaribu kamera, spika, na matundu yote ya pembeni. Tukaizima na kuiwasha tena tukiingia katika mipangilio yake ya ndani, kuona kama kampuni iliyokuwa ikiimiliki imeacha nywila yake humo, kwani nywila hiyo ikikusubiri nyumbani, fundi atakula fedha zako bila hakika ya kuifungua.

Mwisho ikaja betri. Windows ina amri ya kuandika ripoti ya betri, powercfg /batteryreport, na fundi yeyote mwaminifu atakufanyia kwa dakika moja. Hutoa hesabu mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilio nao leo. Yetu ilitoka na Wh 50 na sasa imebaki na 31. Gawanya kwa wati zinazoliwa na mashine. Kwa kuandika na kusoma, mashine ya namna hii hula kama wati 10, kwa hiyo tuna saa tatu hivi. Mpya ingempa tano. Saa tatu zinavuka mihadhara miwili na kukatika umeme kwa kawaida. Tena ina tundu la USB-C la kuchajia, hivyo chaja ya asili ikifa hatalazimika kuzunguka mji mzima akitafuta inayofanana nayo.

Ripoti ile ilitusaidia pia katika bei. Mwenye duka alianzia laki sita na nusu, tukamwonyesha hiyo 31, tukapatana kwa laki tano na nusu, pamoja na risiti na barua ya miezi mitatu.

Nyumbani dada aliipindua huku na huku. "Mbona ina mkwaruzo?" akauliza. Mwanawe akaigeuza tumbo juu, akamwonyesha skrubu za chini, akamweleza mahali betri inapokaa na jinsi inavyobadilishwa. Dada akaziangalia zile elfu hamsini zilizosalia, akazirudisha kwenye bahasha, na juu yake akaandika kwa kalamu: BETRI.