Kipindupindu na Mjumbe wa Ndani ya Seli

Miili yetu imejengwa kwa chembe hai ndogo sana, yaani seli. Kila seli ina ngozi nyembamba yenye vipokezi. Wajumbe wengi wa mwilini hawaingii ndani ya seli. Hupiga hodi kwenye kipokezi, kisha mjumbe wa pili, aliyeko ndani, hupeleka habari. Kazi ikiisha, hunyamazishwa.

Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam kikaenea mikoa mingi. Sumu yake hushika ngozi ya seli za utumbo, ikaingia, ikamfanya mjumbe wa pili asinyamaze. Seli humwaga chumvi, na maji huifuata. Mgonjwa asiposaidiwa anaweza kufa kwa saa chache.

Lakini mlango mmoja hauharibiki: ule wa sukari na chumvi zikiingia pamoja. Zikiingia, huvuta maji. Basi tuchanganye:

– maji lita 1, yaliyochemshwa yakapoa;
– sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha;
– chumvi nusu kijiko cha chai.

Hapa Singida Mjini tusitumie maji ya Ziwa Singidani, yana chumvi. Tumnyweshe mgonjwa kidogo kidogo, huku tukimwahisha kituo cha afya.