Cavan: Kaunti ya maziwa iliyokatwa na mpaka

ANAYEFIKA Kaunti ya Cavan, katika Jamhuri ya Ireland, haoni bahari. Anachoona ni vilima vidogo vyenye umbo la yai, vimepangana kama mayai kwenye trei. Vilima hivyo viliachwa na barafu iliyoyeyuka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, na kati ya kimoja na kingine maji yametuama. Wenyeji husema Cavan ina maziwa 365, moja kwa kila siku ya mwaka.

Udongo wake ni mzito na hushika maji. Nafaka haistawi vizuri, lakini majani hustawi, ndiyo maana watu wengi wanafuga ng'ombe. Kwa Kiswahili neno moja linatosha kuieleza kaunti hii: maziwa ya kuvua samaki na maziwa ya kunywa.

Shannon, mto mrefu kuliko yote Ireland, unaanzia hapa kwenye kidimbwi chini ya Mlima Cuilcagh, wenye urefu wa mita 665. Upande wa pili wa mlima huo ni Fermanagh, Ireland ya Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza.

Mpaka huo ulichorwa mwaka 1921, na vituo vya forodha vikawekwa mwaka 1923. Mara zikazaliwa njia za panya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, siagi ya magendo ilivushwa kwenda kaskazini, na chai ikarudi kusini.

Machafuko yalipozuka, hali ikawa mbaya zaidi. Mwaka 1972 daraja la Aghalane, karibu na mji wa Belturbet, lililipuliwa. Mwezi Desemba mwaka huo bomu likaua vijana wawili mjini humo. Wateja wa kutoka Fermanagh wakakosa njia, biashara ikadorora. Daraja jipya lilifunguliwa mwaka 1999, baada ya mkataba wa amani wa 1998.

Kuondoka si jambo geni Cavan. Mwaka 1841 kaunti ilikuwa na watu zaidi ya 240,000. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 pamoja na uhamaji viliipunguza hadi takriban 52,600 mwaka 1971. Uchumi ulipochangamka miaka ya 1990, Waireland wengi walianza kurejea kwao, na sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 81,000 Cavan.

Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya mwaka 2020, wafugaji walihofia forodha kurudi. Ushirika wa Lakeland Dairies, wenye makao Cavan, hukusanya maziwa pande zote mbili. Makubaliano yaliacha mpaka wa nchi kavu wazi. Ukaguzi wa bidhaa zinazotoka Uingereza ukahamishiwa bandarini.

Wafanyabiashara wa Belturbet wanajua uzito wa jambo hilo. Daraja lao lilivunjwa kwa mlipuko mmoja, wakasubiri miaka 27 kupata jingine.