Beringi za Alumini: Ulaini Unaolinda Injini

Gari litokalo sakafu ya Kreta ya Ngorongoro hadi ukingoni hupanda kiasi cha mita 600 kwa njia fupi yenye kona kali. Injini hubeba mzigo mkubwa na oili yake hupata moto. Ndani ya injini hiyo krenki huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, ikiwa imeegemea beringi: vipande vyembamba vya metali vyenye umbo la nusu duara.

Kwa kawaida krenki haiigusi beringi. Inapozunguka huvuta oili katika nafasi nyembamba, nayo oili huiinua. Utando huo ni mwembamba kuliko unywele. Oili ikipata moto mno, au mzigo ukizidi, utando hupungua; na injini inapowashwa huwa haujajengeka. Hapo metali hugusana.

Kwa hiyo beringi hutakiwa kuwa na sifa mbili zinazopingana: iwe imara ili isipasuke kwa mapigo ya pistoni, tena iwe laini ili ising'ang'anie krenki. Aloi aliyoibuni Mmarekani Isaac Babbitt mwaka 1839, yenye bati, antimoni na shaba, ni laini, lakini huchoka upesi katika injini zenye nguvu. Alumini ni imara zaidi na hupitisha joto vizuri. Ila ikiwa tupu hung'ang'ania chuma.

Suluhisho lilipatikana Uingereza katika miaka ya 1950: alumini yenye bati kiasi cha asilimia 20 na shaba asilimia 1. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, na alumini kwenye nyuzi 660, zikiganda, hazichanganyiki. Aloi ikifinywa ingali baridi, kisha ikapashwa moto, bati huenea kama mtandao ndani ya alumini iliyoungana. Alumini hubeba mzigo, bati hulainisha. Aloi hiyo hubandikwa juu ya bamba la chuma.

Ulaini huo una faida nyingine. Vumbi la Karatu na Ngorongoro lina chembe ngumu za madini. Chembe ndogo ikipenya huzama katika beringi badala ya kuikwaruza krenki. Hata hivyo beringi haiwezi kumeza vumbi lisilo na kikomo. Chujio la hewa lililoziba au kutoboka, na oili iliyochakaa, huweza kuishinda hata aloi iliyo bora, na gari likakwama katikati ya mteremko.